Paka, ndege na viota katika ua mmoja: dalili, sababu na la kufanya

Malalamiko kuhusu paka na ndege yanafanana sana, yatoke Tanga, Kigamboni au Nyali: kiota kimeporomoka, makinda hawaonekani, na paka yuko chini ya mti anajilamba. Hukumu hutolewa hapo hapo. Mara nyingine anastahili. Mara nyingine amefika kwenye tukio kama ulivyofika wewe, mambo yakiwa yameshakwisha.

Nimepanga kwa dalili. Chini ya kila dalili natangulia na sababu inayotokea mara nyingi, kisha zile za nadra, na ukaguzi mwepesi kabla ya kazi nzito. Penye neno SIMAMA, usiendelee mwenyewe.

Shika hili kwanza: paka hafundishiki kuacha kuwinda. Aliyeshiba anawinda, aliyehasiwa anawinda, na yule mpole anayelala mapajani mwako naye anawinda. Unachoweza kubadilisha ni saa anazokuwa nje na njia ya kumfikisha kwenye kiota. Kazi yenyewe si ya mwaka mzima. Kiota cha ndege wa bustanini kama shore au tetere, tangu yai la kwanza hadi makinda kutoka, huchukua takriban wiki nne. Ongeza wiki moja ya makinda kujifunza kuruka. Ukilinda wiki hizo tano umefanya karibu kila kitu kilicho mikononi mwako.

Dalili: kiota kimeanguka, au mayai na makinda wametoweka

Kabla hujagusa kitu, piga picha. Angalia kiota, shina la mti, na ardhi hadi hatua kumi hivi kuzunguka mti. Kila mwizi ana namna yake ya kuacha fujo.

Kama kiota kilichoanguka ni cha mnana, kile cha kusukwa chenye mlango kwa chini, na ndani hakuna kitu, mara nyingi aliyekiangusha ni mwenye nyumba. Dume la mnana husuka kiota kwa nyuzi mbichi za majani ya mnazi, kisha hujining'iniza mlangoni akipigapiga mabawa ili jike aje kukagua. Jike akikikataa na majani yakaanza kukauka, dume hukifumua au kukikata, akaanza kingine. Chini ya mnazi wenye minana wengi utaokota viota vya kijani na vya kahawia msimu mzima. Hakuna la kurekebisha. Upepo mkali huangusha vingine.

Ukikuta nusu ya ganda, nyeupe kama la tetere, ndani kukavu na ukingo umekatika vizuri, hiyo ni habari njema. Yai limeanguliwa. Wazazi hubeba maganda na kuyatupa mbali ili yasionyeshe kiota kilipo. Ganda la yai lililoliwa huwa limepondeka, na mara nyingi lina utelezi wa kiini ndani.

Sasa wezi wenyewe. Kwa miji ya Pwani, mchana, mshukiwa wangu wa kwanza ni kunguru yule mwenye shingo ya kijivu. Aliletwa Zanzibar kutoka India mwishoni mwa karne ya 19, akasambaa bara hadi Dar es Salaam na Mombasa, na kokote alikotua ndege wadogo wameumia. Huko Kenya, Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) lilitangaza mwanzoni mwa 2024 mpango wa kuwaondoa kunguru wapatao milioni moja. Alama zake: kiota kimechanwa kwa juu, ganda lina tundu lililodonolewa, na huenda likawa juu ya ukuta au paa alikokwenda kulia. Hapa ndipo paka anapoingia kwa mlango wa nyuma. Bakuli lake la dagaa ukiliacha nje, kunguru watakuja kula makombo, watashinda uani, na wakishashinda hapo wataviona viota vyote. Kabla hujafikiria lolote jingine kuhusu kunguru, mlishe paka ndani, funika pipa la taka, na maji ya kuoshea samaki usiyamwage chini ya mti.

Usiku mwizi wa kawaida ni panya. Ganda lina alama za kugugunwa, na utaona vinyesi vyake kwenye panda za matawi au juu ya ukuta. SIMAMA kabla ya kununua sumu ya panya: paka akimla panya aliyelishwa sumu naye huweza kufa, na bundi vilevile.

Kiota kizima, hakina hata unyoya uliopinda, lakini kitupu? Fikiria nyoka. Wengi humeza kila kitu bila kuacha alama. Yule nyoka mla mayai hulimeza yai zima, hulivunja kooni, kisha hulitema ganda likiwa limekunjamana; ukiliona chini ya mti kesi imekwisha. SIMAMA: usiingize mkono ndani ya kiota usichokiona ndani yake. Miongoni mwa nyoka wa mitini wanaokula makinda wapo wenye sumu kali, na hulala humo wakishashiba.

Wakati wa mvua yupo mwizi anayesahaulika, naye ni siafu. Kiota kipo mahali pake, na ndani mmebaki ngozi na mifupa midogo. Angalia shina asubuhi, msafara huwa bado unaonekana. Makinda wakiwa hai na msafara uko njiani, duara nene la majivu makavu chini ya shina linaweza kuugeuza. Mafuta ya taa na dawa ya wadudu usipeleke mtini. Sumu hiyo itawafikia makinda kabla ya siafu.

Dudumizi, ambaye wengine humwita tipitipi, watu humpenda kwa kuwa hutangaza mvua. Naye hula makinda. Kipanga, tumbili na komba hufanya hivyo pia, ila kwa nyumba ya mjini wako chini kabisa kwenye orodha.

Paka ukimkuta na hatia, ushahidi huwa mwingi. Kiota kilikuwa chini, pengine usawa wa kifua chako, kwenye ua la michongoma lililokatwa fupi au kwenye mmea wa chungu. Kimevutwa upande mmoja, kitawi kimevunjika. Kuna shungi za manyoya zilizolowa na kushikamana, na mara nyingi mabawa mawili yamebaki. Kwenye gome utaona mikwaruzo mipya, minne sambamba. Hapo nenda kwenye dalili zinazofuata.

Dalili: paka analeta ndege ndani ya nyumba

Sababu ya kwanza ni saa. Paka huwinda zaidi alfajiri na machweo, na hizo ndizo saa ambazo ndege wako chini wakitafuta chakula. Weka alama kwenye kalenda kila anapoleta windo, uandike na saa. Kwa kawaida utaona yamerundikana kabla ya saa 3 asubuhi na baada ya saa 11 jioni. Dawa ni kumfungia ndani tangu saa 11 jioni hadi saa 3 asubuhi, walau katika zile wiki tano. Kwa gharama ya sifuri, hakuna hatua inayoishinda hii.

Sababu ya pili ni wewe kuwaita ndege mahali pabaya. Umetandaza mchele chini ya dirisha, beseni la maji lipo chini kando ya maua manene, paka anajificha humo na kuruka mara moja tu. Sogeza maji na nafaka hadi mahali peupe, mita 2 au zaidi kutoka kichaka chochote, na juu ya nguzo nyembamba kama unayo. Usiweke mbali sana na miti, maana ndege naye anahitaji pa kukimbilia.

Ya tatu ni chakula chake. Paka wengi kwetu wanaishi kwa ugali na mchuzi, na paka ni mla nyama; virutubisho vingine havipati kabisa kwenye nafaka. Mpe dagaa wasio na chumvi nyingi, vichwa vya samaki vilivyochemshwa, utumbo wa kuku, bandama. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Exeter huko Uingereza uliochapishwa 2021 ulifuatilia paka 355 katika kaya 219. Waliolishwa chakula chenye nyama nyingi kisicho na nafaka walileta nyumbani windo pungufu kwa asilimia 36. Waliochezeshwa na wenye nyumba dakika 5 hadi 10 kila siku walipunguza kwa asilimia 25. Wale waliowekewa chakula ndani ya vichezeo vya kufumbua ndipo wakipate walizidisha uwindaji kwa asilimia 33, nadhani kwa kukereka tu.

Mchezo wenyewe hauhitaji duka. Funga unyoya wa kuku kwenye kamba, kamba kwenye ufito, uuburute sakafuni hadi akamate. Muache akamate kweli, kisha mpe chakula hapo hapo.

Ya mwisho, na ni ya nadra: paka jike mwenye watoto analeta ndege hai ili wajifunze. Likimalizika somo hilo, mpeleke afungwe kizazi. Kuhasi au kufunga kizazi hakuondoi uwindaji, lakini kunapunguza kuzurura, na kunakupunguzia wawindaji wapya wanne kila baada ya miezi kadhaa.

Dalili: nimemvalisha njuga, bado anakamata

Njuga ina sifa kuliko kazi. Tafiti zilizofanywa juu yake hazikubaliani: baadhi zilikuta inapunguza, ule wa Exeter haukuona tofauti ya maana. Paka mzoefu hutembea bila kuitikisa, na makinda hata wakiisikia hawana pa kwenda.

Kilichofanya vizuri zaidi kwa ndege ni rangi. Katika utafiti huo huo, kifuko cha kitambaa chenye rangi kali kilichovishwa juu ya kola kilipunguza ndege walioletwa kwa asilimia 42. Ndege wanaona rangi vizuri sana, hivyo paka anayenyatia na kitu chekundu na njano shingoni anaonekana mapema. Kipande cha kitenge kutoka kwa fundi cherehani kinafaa: kishonwe kama mrija mpana wa vidole vitatu, kola ipite ndani. Panya hawasumbuliwi na rangi hizo, kwa hiyo kazi yake ya ghalani itaendelea.

Kola iwe ya kufunguka yenyewe ikivutwa kwa nguvu. Kamba ya kawaida au mkanda wa kushona inaweza kumnyonga akinaswa kwenye seng'enge. Vidole viwili vipite kati ya kola na shingo. Akijikwaruza hadi manyoya yananyonyoka, ivue.

Dalili: paka anapanda hadi kwenye kiota

Angalia kwanza anapandia wapi. Mara tisa kati ya kumi wenye nyumba huniambia "anapanda mti", na ukikaa ukamtazama unagundua anapitia ukutani, au juu ya tangi la maji, au kwenye ngazi iliyoegemezwa tangu Idi iliyopita. Ondoa ngazi, kata tawi linalogusa paa. Lisiwe tawi lenye kiota chenyewe, wala lile linalokifunika kwa juu, kwa sababu ukilikata unawafungulia kunguru na jua la saa 6.

Kama kweli ni shina, tumia ujuzi wa wenye minazi. Wao huzungushia bati laini kwenye shina ili panya asifike kwenye madafu. Kwa paka bati liwe na urefu wa sentimita 60 au zaidi, likianzia usawa wa kichwa chako, maana paka anaruka juu kuliko unavyodhani. Lifunge kwa waya, usipige misumari kwenye mti hai, na ulilegeze au kuliondoa msimu ukiisha ili lisimkabe mti anaponenepa. Kingo zikunjwe. Bati husaidia mti mmoja uliosimama peke yake. Mti ulioshikana na mingine miwili hautalindika kwa bati moja.

Kiota cha chini kichakani, zungushia wavu wa kuku wenye matundu ambayo ndege mzima anapita, ukiacha nafasi ya mkono mmoja kati ya wavu na kiota. Fanya haraka, mchana, kisha ondoka. Kaa mbali utazame: wazazi wasiporudi ndani ya saa moja, ondoa wavu.

SIMAMA usipake grisi au oili chafu kwenye shina, wala usitege gundi ya panya mtini. Ndege anayegusa vitu hivyo hawezi tena kuruka wala kukausha manyoya, na paka atajilamba ameze.

Dalili: kinda yuko chini, paka anazunguka

Mfungie paka kwanza. Halafu ndiyo umtazame kinda.

Ana manyoya karibu mwili mzima, mkia mfupi kama kidole gumba kilichokatwa, anarukaruka na kushika kidole chako kwa nguvu? Huyo hakuanguka. Ametoka kiotani kwa wakati wake, na makinda wa shore hasa hutoka kabla mabawa hayajawa tayari. Wazazi wapo juu wanakutukana. Mwinue, mweke kwenye kichaka kizito kilicho karibu, usawa wa kiuno au zaidi, uondoke. Paka abaki ndani mchana na usiku kwa siku tatu nne. Watu hawapendi sehemu hiyo ya pili, nao huishia kuchimba kaburi dogo.

Yu uchi, au ana vinyoya vya mirija tu, macho yamefumba? Huyo ameanguka kweli. Mrudishe kiotani kama unakifikia salama. Si kweli kwamba wazazi watamkataa kwa harufu ya mkono wako. Kiota kikiwa kimeharibika, kikapu kidogo chenye matundu chini na nyasi kavu ndani, kilichofungwa kwenye tawi lile lile, mara nyingi hukubaliwa. Subiri saa mbili ukiwa mbali.

Usimpe maziwa. Usimpe ugali laini. Usimdondoshee maji mdomoni, hupitiliza kwenye mapafu na kumuua hata kama jeraha halikumuua. Na SIMAMA kabla hujaamua kumlea mwenyewe: ndege wa porini hafugwi bila kibali, si Kenya wala Tanzania, na kinda anahitaji kulishwa tangu alfajiri hadi jioni bila kupumzika. Uliza ofisi ya wanyamapori ya wilaya, KWS kwa Kenya, au chama cha ustawi wa wanyama kama KSPCA kule Nairobi.

Dalili: paka amemkamata ndege, na ndege bado yu hai

Usimvute ndege kutoka mdomoni. Paka atabana zaidi. Piga makofi ya kelele karibu na masikio yake, bila kumgusa, au mmwagie maji kidogo. Akiachia, mtie chumbani.

Kisha fanya hivi kwa utaratibu huu:

1. Funika ndege kwa kanga nyepesi au taulo, mwokote bila kubana kifua. Ndege hupumua kwa kupanua kifua. Ukikikaba hapati hewa.
2. Mtie kwenye boksi la viatu lenye matundu madogo na kitambaa kavu ndani. Lifunge.
3. Liweke gizani, mahali pa joto la kawaida, mbali na watoto, redio na paka mwenyewe.
4. Usimpe kitu chochote. Usifungue kuchungulia kila baada ya dakika tano.
5. Mpigie daktari wa mifugo. Uliza kwanza kama anatibu ndege wa porini, wengi hawatibu na ni bora ujue kabla hujapanda bodaboda.

Kama meno au kucha zimegusa ngozi, hata kitundu usichokiona, ndege anahitaji antibiotiki mapema, ndani ya siku hiyo. Mate ya paka yana bakteria wanaoua ndege mdogo kwa siku moja au mbili, hata yule anayeonekana mzima. Ndiyo maana "tulimwachia akaruka, akapona" ni maneno ambayo mara nyingi hayana ukweli: aliruka, kisha akafia kwa jirani. Ndege aliyegonga kitu tu, bila kuguswa na paka, na baada ya saa moja gizani anasimama na kupiga mabawa sawasawa, huyo mwachie karibu na ulipomwokota.

SIMAMA ikiwa wewe ndiye uliyeumwa au kukwaruzwa katika purukushani hiyo. Osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, uende hospitali siku hiyo hiyo. Kichaa cha mbwa hakibagui paka, na usisubiri kuona kama wa kwako ataugua. Chanjo yake iwe hai kila mwaka.

Dalili: ndege wanamshambulia paka, au wanakushambulia wewe

Kelele za ghafla za shore watatu wanne juu ya kichaka kimoja maana yake makinda wako karibu sana. Wanawaonyesha wenzao adui alipo ili apoteze nafasi ya kunyatia. Mchukue paka umwingize ndani, kelele zitakwisha. Wasiponyamaza na paka yuko ndani, kaa mbali na kichaka hicho: huenda wamemwona nyoka, na wao huona kabla yetu.

Kunguru wanaweza kugonga kichwa cha mtu. Hufanya hivyo makinda wao wanapotoka kiotani, na huchukua siku chache. Pita njia nyingine au shika mwavuli. Paka mdogo asiachwe nje wakati huo. Kunguru wawili wanaweza kumjeruhi macho.

Dalili: nimemfungia, analia usiku kucha

Hajahasiwa. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza, ya pili na ya tatu, hasa dume. Mengine ni madogo: alilishwa saa 10 jioni akiwa na nguvu zake zote, hana pa kujisaidia, chumba kina joto. Mchezeshe usiku, mlishe baada ya mchezo, weka karai la mchanga mbali na chakula, dirisha liwe na wavu wa kuku kwa ndani ya ule wa mbu, maana wa mbu ataupasua. Usifungue mlango akilia. Ukifungua mara moja umemfundisha kulia zaidi, na sasa atalia kwa bidii iliyolipwa.

Dalili: paka si wangu

Hili ndilo gumu, na hakuna bati linalolitatua. Tofautisha kwanza: ni paka wa jirani au paka shume asiye na mwenyewe?

Wa jirani, nenda jioni, si asubuhi ukiwa na unyoya mkononi na hasira. "Shikamoo mama. Hamjambo nyumbani? Nimekuja na ombi dogo. Kuna shore ameangua pale kwenye michongoma yetu, na paka wenu anapenda kupita hapo alfajiri. Kama mngemfungia mpaka saa 3 kwa wiki mbili hizi tu, tungeshukuru sana." Wiki mbili, na si "milele". Hapo watu hukubali. Ukianza na "paka wenu mwizi", jirani atakujibu kwamba ni kunguru, na pengine atakuwa na haki.

Paka shume: usimlishe bustanini wakati wa viota, wala usimfukuze kwa mawe. Funga jalala linalomleta. Ukipata kikundi kinachohasi paka wa mtaani, kama ile kliniki ya wanyama ya Lamu iliyojulikana kwa kazi hiyo, waite. Miche yenye miba na matawi makavu ya michongoma yaliyotandazwa chini ya kichaka humfanya achague njia nyingine.

SIMAMA: usimtegee sumu. Nyama yenye sumu haichagui, ataila mbwa wa mlinzi, mwewe, au mtoto atakayeiokota. Na Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008. Kumtesa paka ni kosa hata kama hana mwenyewe.

Dalili: paka anaumwa baada ya kula ndege

Kutapika manyoya mara moja ni kawaida. Kuharisha, homa, kulala pembeni na kukataa chakula kwa zaidi ya siku moja si kawaida. Ndege mgonjwa anayekamatika kirahisi huweza kuwa na bakteria wa salmonela, nayo humwingia paka na huweza kuingia kwa watoto wanaosafisha karai lake bila kunawa. Mpeleke kwa daktari wa mifugo, umwambie wazi kwamba alikula ndege.

Ukikuta tetere au njiwa kadhaa wamekufa kwa siku chache, au wanazungusha shingo na kuanguka, usiwaguse kwa mikono mitupu na usimwache paka awale. Inaweza kuwa kideri au ugonjwa mwingine, au sumu. Mwite afisa mifugo wa kata, hasa kama una kuku bandani.

Vidogo vidogo

Chozi amejenga kwenye waya wa taa ya barazani: kile kifuko kinachoning'inia, kimeunganishwa kwa utando wa buibui, na mlango wake uko ubavuni chini ya upenu mdogo wa nyasi. Kiko salama kwa paka alimradi usiweke kiti chini yake. Zima taa hiyo usiku, tumia nyingine.

Mbayuwayu chini ya upenu: paka hamfikii. Tatizo ni vinyesi. Pigilia kibao cha upana wa shubiri moja chini ya kiota baada ya makinda kuondoka, kwa kuwa msimu ujao wenyewe watarudi hapo hapo.

Kupogoa ua: kabla ya masika na kabla ya vuli, kamwe si katikati yake. Funua kichaka kwa mkono kwanza, taratibu, halafu ndiyo ulete panga.